Wanatuangalia Mikono

Jioni huko Logiri, katika kaunti ya Vurra wilayani Arua, eneo la West Nile nchini Uganda, msichana mdogo huchuchumaa kando ya mama yake anayesonga enyasa, ule ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama. Hafundishwi kwa maneno. Anatazama mwiko unavyogeuka, na jinsi mama anavyoinamisha kichwa kukwepa mvuke. Kesho yake utamkuta nyuma ya nyumba na kopo la tope, anasonga, kichwa amekiinamisha vilevile, ingawa tope halitoi mvuke.

Hata Kiswahili kilifika Arua na Koboko kwa njia hiyo. Vijana wa Kilugbara na Kikakwa walioandikishwa katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles walikidaka kambini, wakarudi nacho nyumbani.

Lakini katika kuiga huku, linalonikosesha usingizi ni jaribio la mwanasaikolojia Albert Bandura, la mwaka 1965. Watoto walionyeshwa filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere. Wale waliomwona akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Lakini walipoahidiwa zawadi, nao walionyesha kwamba wameyashika yale mapigo. Kumbe mtoto anayetulia huenda ameshajifunza, anangoja tu siku yake. Basi baba anayempiga mkewe mbele ya wanawe asijidanganye kwamba hawajashika lolote kwa sababu leo wamekaa kimya.

Mazuri nayo hushikwa hivyohivyo. Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa Katwe, Kampala, alimfuata kaka yake hadi kwenye mafunzo ya chesi ya Robert Katende, akaishia kuiwakilisha Uganda nje ya nchi. Mwaka 2016 maisha yake yakatengenezewa filamu, Queen of Katwe. Mchumi Emma Riley akawaonyesha filamu hiyo baadhi ya wanafunzi wa Kampala waliokaribia mitihani ya taifa, wengine akawaonyesha filamu tofauti. Wa kidato cha nne walioitazama hadithi ya Phiona walifanya vizuri zaidi katika hisabati, na walionufaika zaidi ni wasichana na wale waliokuwa nyuma darasani.

Vibanda vya video tunavyo tele West Nile, na watoto wetu hukaa humo wakitazama watu wakipigana na kuuana. Mwenye kibanda akiweka filamu ya Phiona Jumamosi moja kabla ya mitihani, hasara yake ni ndogo sana. Walimu wakuu wa Logiri na Koboko wanaweza kwenda kumwomba wiki hii.