Wimbo Usioimbwa Hupotea



Jumamosi iliyopita mkutano wetu ulichelewa kufungwa, maana tuliimba. Tulikuwa tumeombana kila mmoja alete wimbo mmoja, toka wa zamani kabisa mpaka wa leo. Mama mzee kuliko wote alianza na wimbo wa kubembeleza mtoto, alioupata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Binti mmoja akamaliza na ule ambao watoto wanausikiliza kwenye simu. Katikati tukapita kwenye rumba.

Rumba ina fundisho kwetu. Wengi husema jina lake limetoka kwa neno la Kikongo, nkumba, yaani kitovu, kwa sababu wachezaji walikaribiana kitovu kwa kitovu. Watu wa Kongo walipokamatwa na kuvushwa bahari kama watumwa, hawakubeba mali. Walibeba ngoma na nyimbo ndani ya kichwa. Huko Cuba wakaziimba, wakafundisha watoto wao, zikachanganyika na gitaa la Wahispania. Katika miaka ya 1930 na 1940 muziki huo ukarudi kwetu kwenye sahani za santuri. Mwaka 1948 Wendo Kolosoy akaimba «Marie-Louise». Mwaka 1960 Grand Kallé na African Jazz wakaimba «Indépendance Cha Cha» kule Bruxelles. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO ikaandika rumba ya Kongo kuwa urithi wa binadamu wote.

Safari hiyo ya karne nyingi haikulindwa na kitabu. Ililindwa na watu walioimba mbele ya watoto wao.

Nyimbo za Wendo ziko kwenye sahani. Lakini wimbo wa kubembeleza, wa kutwanga, wa kupeleka bibi arusi, uko wapi? Jumamosi ile mama mmoja alianza wimbo wa kulima wa marehemu mama yake. Alipofika katikati akanyamaza. Maneno yalikuwa yamempotea, na wa kumkumbusha hayuko tena. Sisi wote tukanyamaza naye.

Basi, tunaombana: wiki hii kila mama afundishe mtoto wimbo mmoja, mpaka mwisho, si kipande. Mwenye simu aishike sauti ya mama mzee angali anaimba. Jumamosi ijayo tuje na watoto. Safari hii wataimba wao, nasi tutasikiliza.