Vikope: Upofu Unaozuilika

Ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, huletwa na bakteria waenezwao kwa mikono, nguo na nzi wanaofuata matongotongo ya watoto. Mtu akiambukizwa mara kwa mara kwa miaka mingi, kope hupinda ndani, hukwaruza jicho na kulipofusha. Akina mama huathirika zaidi, maana ndio walezi.

Utafiti wa Kongwa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuosha watoto nyuso, pamoja na dawa ya macho, hupunguza vikope vikali. Nzi hao huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa wazi. Hivyo choo nacho ni kinga.

Tunajua maji ni shida kwetu, lakini lita moja huosha nyuso nyingi. Kamati za sharika, tuanze na kibuyu chirizi kila kaya.