Mbwa, Panya na Upofu wa Kurithi

Kamati za parokia hutuuliza kwa nini ndugu wawili au watatu wa nyumba moja hupoteza uwezo wa kuona, ilhali macho yao kwa nje ni safi. Wapo wanaonong'ona habari za laana, kama wanafunzi walivyouliza katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi. Jibu la wataalamu liko nyuma ya jicho, kwenye retina, na sehemu kubwa ya jibu hilo imetokana na wanyama.

Retina ina seli fimbo za kuonea gizani na seli koni za kuonea mchana na kutambua rangi. Upo ukoo wa panya wa maabara, waitwao rd1, waliorithi jeni yenye kasoro. Hufumbua macho wakiwa na wiki mbili hivi. Ikifika wiki ya tatu karibu seli fimbo zote zimekufa. Ajabu ni kwamba seli koni, ambazo kasoro hiyo haizigusi, nazo hufuata. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi wenye ugonjwa wa jamii hii: huanza kujikwaa jioni, na baada ya miaka mchana nao huwawia giza.

Baadhi ya mbwa aina ya Briard wana shida nyingine. Jeni yao ya RPE65, inayosaidia kugeuza vitamini A ili seli hizo ziitumie, haifanyi kazi. (Matone ya vitamini A ya kliniki hayasaidii hapa: malighafi ipo, kiwanda ndicho kibovu.) Lakini seli zao hubaki hai kwa muda mrefu. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba mbwa watatu, mmojawao Lancelot, wameanza kuona baada ya kupandikiziwa jeni nzima chini ya retina kwa kutumia virusi visivyoleta ugonjwa. Majaribio kwa binadamu yalianza 2007, na Marekani iliidhinisha tiba hiyo Desemba 2017.

Wafadhili watauliza bei. Ilipotangazwa 2018 ilikuwa dola 850,000 kwa macho mawili, nayo huwafaa tu wenye kasoro ya jeni hiyo moja na ambao seli zao bado zi hai. Hatukusanyi fedha kwa ajili yake. Tunachoomba ni mtoto anayejikwaa jioni apelekwe mapema kwa daktari wa macho. Upungufu wa vitamini A nao huleta upofu wa usiku, na huo hutibika kwa gharama ndogo.