Ikulu na Baraza: Jengo, Neno na Mamlaka katika Unyanyembe

Maneno ikulu na baraza, yatumikayo kila siku katika siasa za Tanzania, yalikuwa kwanza majina ya majengo au sehemu za majengo. Katika karne ya 19, dhana hizo mbili zilikutana Tabora, kwenye njia ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji.

Ikulu, neno lenye asili ya Kinyamwezi, ni makazi ya mtemi. Ikulu ya Mtemi Isike wa Unyanyembe ilikuwa ngome. Wajerumani walipoiteka Januari 1893, Isike alijilipua kwa baruti humo, na mamlaka yakahamia bomani.

Baraza nalo ni mahali pa kuketi palipojengwa kwa mawe au udongo mbele ya nyumba. Tembe la bara, lenye kuta nene, paa bapa la udongo na vyumba vilivyozunguka ua, lilijengwa kwa ajili ya kujihami. Wafanyabiashara wa pwani waliishi katika matembe, kama lile la Kwihara walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ila desturi ya baraza hawakuiacha pwani. Barazani mgeni alipokewa na shauri likajadiliwa bila mtu kuingia ndani. Hata hivyo, mtumwa hakuwa na sauti hapo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, yaliyokuwa makao ya gavana Dar es Salaam yaliitwa Ikulu. Mwaka 1963 utemi ukafutwa kisheria. Jina la nyumba ya mtawala wa kurithi likabaki, likapewa nyumba ya mtawala wa kuchaguliwa. Baraza, kwa upande wake, lilikuwa limekwisha kuacha maana ya jengo pekee na kuwa jina la wanaokutana: Baraza la Mawaziri, na huko Zanzibar, tangu 1980, Baraza la Wawakilishi.

Kiisimu, huo ni upanuzi wa maana. Lakini kupanuka kwa maana ya neno si lazima kuwe kupanuka kwa haki. Jengo la umma lililozungushiwa ukuta, lisilo na mahali pa raia kuketi na kusikilizwa, hurithi ngome hata likiitwa kwa jina la jamhuri. Mkutano wa kijiji ufanyikao chini ya mwembe, ambapo kila mtu mzima ana haki ya kusema, waweza kuwa baraza kamili ingawa hauna hata tofali moja.