Hatua Saba Mbele ya Moto

Wengi wetu humu visiwani tumepata kualikwa katika arusi ya jirani wa Kihindu. Tumekaa safu za nyuma, tumekula ladu na bajia, tumesikiliza Kisanskriti tusichokielewa, kisha tumerejea majumbani bila ya kujua ni wakati gani hasa wale wawili walikuwa mume na mke. Katika nikaha jambo hili halimpotei hata mtoto: walii ameozesha, bwana arusi amekubali, mashahidi wamesikia, basi. Lakini pale mbele ya moto, shughuli huendelea kwa saa nyingi, na mgeni hajui ashike lipi.

Swali hili si la udadisi mtupu. Mjane anayedai mirathi, mtoto anayetafuta cheti, karani anayejaza daftari la ndoa, wote hao huulizwa siku moja: ndoa hii ilifungwa lini?

Wahindu wa visiwani asili yao kubwa ni Kachchi na Gujarati. Walikuja kwa majahazi katika upepo wa kaskazi, wakafanya biashara kubwa. Jairam Shivji na jamaa zake walishika forodha ya Unguja kwa miaka mingi katika karne ya 19. Aghalabu wanaume hao hawakuja na wake zao, kwa kuwa mila iliwazuia wanawake kuvuka bahari. Kwa hiyo arusi zilifanywa kwao, na arusi ya Kihindu kufanyika hapa ni jambo lililokuja baadaye. Baada ya 1964 wengi waliondoka, lakini mahekalu yangali Mji Mkongwe, na moto wa arusi haujazimika.

Mambo ya mwanzo hayatakuwa mageni kwa mwana wa visiwani. Saa njema hutafutwa kwa nyota, kama wazee wetu walivyokuwa wakienda kwa mwalimu kupigiwa falaki. Bibi arusi hupakwa manjano, nao huita pithi. Waliopata kusuguliwa singo hawana haja ya kuelezwa. Hina ni ile ile. Bwana arusi akifika mlangoni hupokewa na mama mkwe, ambaye humfanyia mzaha wa kutaka kumkamata pua, ili akumbuke kwamba amekuja kuomba wala hakuja kutawala. Bibi arusi huletwa na mjomba wake, na hapo pana pazia kati yake na mume mtarajiwa. Pazia likishuka, hutazamana.

Kisha baba hutia mkono wa binti yake katika mkono wa kijana. Tendo hili huitwa kanyadan, yaani kumtoa binti kuwa sadaka, na siku hizi wapo Wahindu wasomi wanaolilalamikia, wakisema binti si kitu cha kutolewa. Sisi hatuoni aibu kusema kwamba lalamiko hilo lina uzito. Itoshe kutaja kwamba mwaka 1024 wala 1824 haukuhitajika kufika jibu: ni mwaka 2024 tu ambapo mahakama ya Allahabad ilieleza kwamba kanyadan si sharti la kusihi kwa ndoa ya Kihindu.

Sharti kubwa limo motoni. Moto huo, Agni, kwao ni shahidi, tena ndiye mchukuzi wa sadaka kwa miungu. Ndiyo maana hulishwa samli. Maarusi huuzunguka. Wagujarati huuzunguka mara nne, kwa ajili ya wajibu, mali, mapenzi na wokovu wa roho, na kaka wa bibi arusi humtilia dada yake nafaka mkononi azitoe motoni. Hufuata hatua saba, saptapadi. Popoo saba hupangwa chini, na bibi arusi huzigusa moja moja kwa kidole gumba cha mguu wa kulia. Hatua ya kwanza ni kwa ajili ya chakula. Zinafuata nguvu, ustawi, raha, kizazi na majira ya mwaka. Ya saba ni urafiki. Tumelifikiri sana jambo hili, kwamba neno la mwisho kabla ya ndoa kukamilika liwe urafiki, wala si utii.

Hiyo ya saba ndiyo jibu la karani wetu. Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India ya mwaka 1955, kifungu cha 7, inasema kwamba pale ambapo mila ina hatua saba, ndoa hukamilika hatua ya saba ikipigwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India iliamua kesi ya watu wawili waliokuwa na cheti lakini hawakufanya ibada yoyote. Ikasema cheti peke yake hakifanyi ndoa. Majaji waligusia pia wazazi wanaokimbilia cheti kwanza kwa ajili ya viza za ughaibuni, na wakakaripia arusi zilizogeuka kuwa nyimbo, ulaji na kudai mali kutoka kwa wazazi wa binti. Mali hiyo, iliyopigwa marufuku India tangu 1961, isichanganywe na mahari yetu, maana yenyewe hutoka upande wa mke.

Hata hivyo karatasi si kitu cha kudharauliwa. Mjane mwenye albamu ya picha tu atasumbuka mbele ya hakimu. Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara, ambayo haitumiki Zanzibar, inataka ndoa isajiliwe, lakini haiibatilishi kwa kukosa kusajiliwa. Kenya nayo iliweka ndoa za Wahindu pamoja na nyinginezo katika sheria moja mwaka 2014. Tunawaomba maafisa wetu wa usajili waandike tarehe ya moto, si tarehe ambayo wenyewe walifika dirishani, na wamuulize kasisi wa hekalu mahali pa kukisia.

Usiku, arusi ikiisha, bwana arusi humwonyesha mkewe nyota mbili. Moja ni Dhruva, nyota ya Jaa, mfano wa kuthibiti. Hiyo hapa kwetu haionekani, kwani tuko kusini ya Ikweta, na mabaharia huiona baada ya kuvuka tu. Hivyo kasisi wa Unguja huelekeza kidole upande wa kaskazini, na maarusi huamini. Ya pili ni Arundhati, nyota ndogo iliyoshikamana na mwenzake katika kundi la Dubu Mkubwa. Hiyo, mwezi wa Mei na Juni, mbingu zikiwa safi, huonekana hata kutoka Forodhani.