Sheria Mpya Imetiwa Saini: Inaanza Kutumika Lini?

MTANGAZAJI:  

Rais akitia saini sheria ya wakimbizi, habari hufika kambini siku hiyo hiyo. Jioni watu wanaambiana, "Sasa tumeruhusiwa." Kesho yake mtu ameuza godoro apate nauli ya kwenda mjini kutafuta kazi. Njiani anakamatwa. Sheria aliyoisikia ipo kweli, lakini haijaanza kutumika.

Tuangalie Kenya. Bunge hupitisha muswada, kisha Rais hutia saini. Baada ya hapo, Ibara ya 116 ya Katiba inataka sheria ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali ndani ya siku 7. Inaanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa kama sheria yenyewe imetaja siku nyingine.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilitaja siku nyingine. Rais Uhuru Kenyatta aliitia saini tarehe 17 Novemba 2021. Ndani yake iliandikwa kwamba itaanza baada ya siku 90 tangu kuchapishwa. Kwa hiyo ilianza tarehe 21 Februari 2022. Miezi hiyo yote ya katikati, sheria iliyotumika Kakuma na Dadaab ilikuwa ile ya zamani, ya mwaka 2006.

Kwa nini wasubiri? Ofisi zinahitaji muda wa kujiandaa, na watu wanahitaji muda wa kuijua sheria.

Kwa ndugu zetu walioko Tanzania, hesabu ni tofauti. Huko sheria huanza siku ile ile inapochapishwa katika Gazeti la Serikali, ila kama imepangiwa siku nyingine. Kwa hiyo usichukue hesabu ya nchi moja ukaitumia nchi nyingine.

Kuna jambo jingine. Sheria inaweza kuanza, lakini kanuni zake ziwe bado. Kanuni ndizo zinazoeleza ujaze fomu gani, uipeleke kwa nani, na usubiri muda gani. Kwa sheria hii ya Kenya, kanuni za jumla zilitoka mwaka 2024. Sheria inaweza kukupa haki leo, nawe ukafika dirishani ukaambiwa utaratibu haujatoka.

Basi ukisikia sheria mpya, uliza maswali manne. Imetiwa saini? Imechapishwa? Inaanza tarehe gani? Kanuni zake zimetoka? Tarehe ya kuanza mara nyingi huandikwa mwanzoni kabisa, katika kifungu cha kwanza. Wapelekee maswali haya maofisa wa serikali wanaohusika na wakimbizi, au wanasheria wanaotoa msaada bure kambini.

Mpaka upate majibu, usitoke kambini bila kibali, na usitupe karatasi yako ya zamani. Akija mtu akasema, "Nipe pesa nikuwahishe kwenye sheria mpya," mwulize inaanza tarehe gani na imeandikwa wapi. Akishindwa kukuonyesha, pesa yako ibaki mfukoni.

Mweleze na jirani asiyejua kusoma. Kwaheri hadi kipindi kijacho.