Je, Wajua? Mkufu Huchaguliwa kwa Uzito na Metali ya Pambo

Mafundi wa Waborana, jamii inayoishi Korbesa na kwingineko katika kaunti ya Isiolo nchini Kenya, wanajulikana kwa kuyeyusha sufuria kuukuu za alumini na kutengeneza shanga na mapambo. Sentimita moja ya ujazo ya alumini ina takriban gramu 2.7, ya fedha ina gramu 10.5. Kwa hiyo pambo la alumini, hata likiwa kubwa, huweza kubebwa na mkufu mwembamba, ilhali la fedha la ukubwa uleule hudai mkufu mnene ambao pete zake zimetiwa lehemu.

Wapo watakaosema cha kutazamwa ni rangi, na kwamba shaba hupendeza ikikaa na alumini. Hupendeza kweli, lakini metali hizo mbili zikigusana penye jasho lenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Kamba ya ngozi badala ya mkufu wa shaba huzuia mgusano huo. Wengine watapinga wakisema kwamba kamba huchakaa upesi. Ni sawa, ila kamba hubadilishwa kwa bei ndogo, na kazi ya mkono wa fundi haina mbadala. Basi lipime pambo kwanza, ndipo utafute mkufu.